Mpweke Anapouhama Uhalisia: Mwongozo Kamili wa Kumwandika Katika Hadithi Fupi

Mtu hahami bila pa kuhamia. Waandishi wengi hulisahau jambo hili wanapomwandika mhusika mpweke anayeanza kuachana na ulimwengu halisi. Humwandika kama mtu anayeporomoka: leo mzima, kesho anaongea na ukuta, keshokutwa anapiga mayowe barabarani. Msomaji anamtazama kwa mbali, anasikitika kidogo, kisha anaendelea na shughuli zake. Hakuguswa kwa sababu hakuonyeshwa kule mhusika anakokwenda kuna nini.

Mpweke aliyeandikwa vizuri haporomoki, anavutwa. Kuna kitu cha uongo kinachomtendea wema ambao ukweli umemnyima, na kila siku anakiongezea nafasi kidogo. Kazi yako ni kumfanya msomaji auonje wema huo, kiasi kwamba ukweli ukija kubisha hodi, naye atamani mlango usifunguliwe.

Nitafuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kabla hujaandika sentensi ya kwanza hadi kusahihisha rasimu. Mfano utakuwa mmoja muda wote: Tunu, mwanamke anayefanya kazi nyumbani, anayevaa hedifoni kutwa nzima na kuyaandika mahojiano yaliyorekodiwa na watu wengine.

Hatua ya 1: Tafuta anachokikosa hasa

Kusema mhusika ni mpweke hakutoshi. Kuna anayekosa wa kumsikiliza. Kuna anayekosa wa kumgusa. Kuna anayekosa wa kumhitaji, na kuna anayekosa shahidi wa maisha yake, yaani mtu wa kumwambia, "Nakumbuka ulivyokuwa." Hizi ni njaa tofauti na kila moja huzaa njozi yake. Aliyekosa kuhitajika huenda asijitungie mpenzi. Atajitungia mgonjwa wa kumuuguza.

Andika sentensi moja tu inayotaja pengo hilo. Kwa Tunu ni hii: hakuna anayemuuliza kitu. Siku nzima anaandika maswali wanayoulizwa wengine. Ulikulia wapi? Ulijisikiaje siku ile? Ungekuwa na uwezo, ungebadilisha nini? Yeye hakumbuki mara ya mwisho alipoulizwa swali lisilohusu kazi. Sasa njozi yake imekwisha kujulikana kabla hujaitunga: lazima atokee mtu wa kumuuliza.

Jipime hapa. Kama njozi uliyoiwaza inaweza kuhamishiwa kwa mpweke mwingine yeyote bila kubadilisha neno, bado hujalipata pengo.

Jiulize pia kama kweli unahitaji mhusika auhame uhalisia. Katika hadithi moja ya mwandishi wa Urusi Anton Chekhov ya mwaka 1886, mwendesha gari la farasi aitwaye Iona amefiwa na mwanawe. Anajaribu kuwaeleza abiria, hakuna anayemsikiliza, na mwishowe anamweleza farasi wake. Uchungu wa hadithi ile unatokana na kwamba Iona ana akili zake zote. Anajua vyema kwamba anaongea na farasi. Ikiwa hadithi yako inauma zaidi mhusika akiwa timamu, mwache timamu.

Hatua ya 2: Chagua namna anavyouhama

Zipo namna kadhaa, na kuzichanganya zote katika kurasa chache hutoa mhusika asiyeaminika.

Ya kwanza ni ndoto za mchana: mhusika anajua kabisa kwamba anawaza. Ya pili ni ile hali ya dunia kuonekana imesogea mbali, sauti zimefifia, watu wanafanana na picha. Hapa naye anahisi kuna kitu hakiko sawa, na hofu yake inatokana na kuhisi huko. Ya tatu ni maluweluwe, kusikia au kuona kisichokuwapo. Ya nne ni imani potofu: kila anachokiona kipo, isipokuwa maana anayokipa ndiyo si yake.

Usidhani maluweluwe ni ya wagonjwa peke yao. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees alichapisha utafiti alioufanya Wales kwa wajane na wagane 293, na karibu nusu yao walisema wamewahi kuhisi, kuona au kusikia wenzi wao waliokufa. Katika miaka ya 1950, kwenye Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada, kundi la mwanasaikolojia Donald Hebb liliwalipa wanafunzi walale tu katika vyumba vidogo, macho yamefunikwa kwa miwani inayopitisha mwanga bila umbo lolote, mikono imezibwa, masikioni mvumo mmoja usiobadilika. Wengi walishindwa baada ya siku chache. Baadhi yao walianza kuona vitu: kwanza nukta na mistari, kisha michoro, kisha mandhari nzima, hata kindi wanaoandamana na mifuko mabegani. Uangalie mpangilio huo, utakufaa: akili iliyonyimwa vya kushika huanza na nukta, haianzi na kindi.

Kwa hadithi fupi mimi huipendelea namna ya nne. Vitu vyote vinabaki halisi, msomaji anaweza kuvigusa, na mapambano yanakuwa juu ya maana yake. Tunu hatasikia sauti isiyokuwapo. Sauti ipo kwenye rekodi. Ni ya mwanamume anayehoji watu, na ana tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kila swali.

Jambo jingine, nalo nalisema kwa uzito: usiliweke jina la ugonjwa ndani ya hadithi ili likufanyie kazi ya kueleza, na usimgeuze mpweke kuwa muuaji ili upate taharuki. Watu wanaoishi na hali hizi husoma hadithi pia. Wamekwisha kuogopwa kiasi cha kutosha.

Hatua ya 3: Fungua daftari la pande mbili

Kabla ya rasimu, gawa karatasi sehemu mbili. Upande mmoja andika yanayotokea kweli. Upande wa pili yale ambayo mhusika anaamini yanatokea.

Kweli: mahojiano yalirekodiwa zamani, mhojaji hajui kama Tunu yupo duniani, anakohoa kwa sababu ya koo lake. Imani: anakohoa kumpa Tunu ishara kwamba swali linalofuata ni lake.

Upande wa kweli usiupoteze kamwe, hata kama unataka msomaji abaki na shaka hadi mwisho. Shaka ya msomaji hutengenezwa na mwandishi mwenye uhakika. Mwandishi naye akiwa hajui kilichotokea, maelezo yake yatapingana ovyo na msomaji atadhani ni uzembe.

Hatua ya 4: Panga ngazi, na kila ngazi iwe na malipo

Hapa ndipo hadithi inapokufa au kupona, kwa hiyo usiwe na haraka.

Orodhesha vitendo, si hisia. Kila kitendo kiwe kidogo kiasi kwamba msomaji aseme, "Hata mimi ningeweza." Kisha kila kitendo kimpe mhusika kitu. Tazama ngazi za Tunu.

Kwanza anairudisha rekodi nyuma sekunde kumi ili asikie vizuri jina la mtu. Ni kazi ya kawaida. Kikohozi kinapita tena, na safari hii anakisikia. Siku nyingine anairudisha nyuma bila kuwa na jina la kutafuta. Halafu anaanza kuyajibu maswali kimoyomoyo kabla mhojiwa hajajibu, na anagundua kwamba ana majibu mazuri. Haya ndiyo malipo ya kwanza: amepata kujua kwamba ana jambo la kusema.

Anaandika jibu lake katikati ya mahojiano, analisoma, analifuta. Kesho yake analiandika, anakwenda kunawa uso, anarudi, analifuta. Kisha kuna siku halifuti.

Baadaye anaisimamisha rekodi katikati ya kazi, si kwa sababu yeye amechoka, bali kwa sababu mhojaji amekohoa mara mbili mfululizo na anastahili kupumzika. Ngazi hii ni ndefu kidogo kuliko zilizotangulia. Inawezekana tu kwa kuwa zile za chini zimeshikilia.

Kanuni yangu ni hii: hakuna ngazi inayoruhusiwa kuwa kubwa kuliko ile ambayo msomaji ameikubali punde tu. Ukiona rasimu inaruka, usiongeze maelezo ya kumtetea mhusika. Ongeza ngazi katikati.

Mwanzo wa ngazi uuweke mahali pa kawaida kabisa. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl walieleza jinsi watazamaji na wasikilizaji wanavyojiona wamefahamiana na watangazaji wasiowajua hata kidogo. Karibu kila mtu ameanzia hapo na kuishia hapo. Tunu anaanzia tulipoanzia sote, na kwa sababu hiyo msomaji anamfuata.

Hatua ya 5: Acha sarufi ihame pamoja naye

Wengi hutafuta maneno makubwa ya kuelezea akili inayohama: giza, dimbwi, kizunguzungu. Kiswahili kina vyombo vizuri zaidi, tena vidogo, na msomaji havioni vikifanya kazi.

Anza na viashiria vya shaka. Mwanzoni mwa hadithi mhusika analinganisha: "Kilikuja kikohozi kifupi, kana kwamba mtu anabisha hodi." Katikati anakisia: "Alikohoa. Huenda alitambua kwamba Tunu amechoka." Mwishoni anasema tu: "Alikohoa, naye Tunu akaondoa mikono kwenye kibodi ili amsikilize." Kana kwamba, huenda, kisha hakuna kitu. Ukiviondoa kwa mpangilio huo, msomaji atavuka mpaka bila kuuona, na atakapogeuka nyuma atakuta amekwenda mbali.

Angalia pia wakati wa vitenzi. "Alikohoa" ni tukio moja. "Hukohoa akiwa na jambo zito" ni maneno ya mtu anayemfahamu mwenziwe kwa miaka. Kiambishi hu- kikitokea mahali ambapo hakuna ufahamiano wowote, kinasema mengi kuliko aya nzima ya ufafanuzi. Mweke Tunu amwambie mtu kwa simu, bila kusita, "Yeye asubuhi huwa hapendi kuongea sana," na msomaji atasisimka.

Nafsi nayo huhama. Aliyekuwa akisema "nilifunga kompyuta nikalala" siku moja anasema "tulifunga kompyuta." Usilieleze badiliko hilo. Usilirudie mara tatu katika ukurasa mmoja ili kuhakikisha limeonekana. Linaonekana.

Halafu kuna upatanisho wa ngeli, na hapa tuna utajiri ambao ni aibu kuuacha. "Sauti ilimuuliza" ni sarufi ya kila siku. "Sauti alimuuliza" inaigeuza sauti kuwa mtu, ndani ya kitenzi, bila sentensi ya ziada. Lakini chombo hiki ni kikali. Kitumie pindi kazi nyingine yote ya sarufi katika hadithi ikiwa safi kabisa, la sivyo kitasomeka kama kosa la uchapaji. Mimi ningekitumia mara mbili katika aya moja, ili msahihishaji ajue ni makusudi, kisha nisikiguse tena hadi ukurasa wa mwisho.

Wakati huohuo sentensi zenyewe zibaki tulivu. Akili inayohama haijioni ikihama. Ukianza kuvunja sentensi vipandevipande na kujaza alama za mshangao, unaonyesha akili ya mwandishi anayemtazama mhusika kwa hofu, wakati Tunu mwenyewe ametulia kuliko alivyowahi kutulia.

Hatua ya 6: Nani asimulie?

Nafsi ya kwanza inakupa ukaribu, ila inakufungia nje: msomaji hawezi kuona chochote ambacho mhusika hakukiona. Dawa yake ni kuacha umbo la usimulizi liseme. Mwandishi wa Urusi Nikolai Gogol, katika hadithi yake ya mwaka 1835 iliyoandikwa kama shajara ya karani mmoja, anaanza na tarehe za kawaida, kisha ghafla tunafika mwaka 2000, tarehe 43 Aprili, na kuanzia hapo tarehe zenyewe zinapotea njia. Karani haoni ajabu. Msomaji amekwisha kuelewa.

Nafsi ya tatu iliyo karibu, inayoazima maneno ya mhusika bila kumpokonya usukani, ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Unaweza kupitisha ukweli pembeni ya jicho lake: taa nyekundu ya kompyuta inayowaka, ujumbe kumi na mmoja usiosomwa, tarehe ya rekodi iliyoandikwa kwenye jina la faili ambayo Tunu anaipita haraka.

Msimulizi anayejua yote akae mbali na hadithi hii. Atashindwa kujizuia kueleza.

Hatua ya 7: Ulimwengu ubishe hodi

Bila upinzani, kuuhama uhalisia kunakuwa safari ya starehe, na hadithi inalala. Lazima ukweli uje, na uje kwa sura ya mtu mwema.

Kosa linaloharibu sehemu hii ni kumleta jirani mkorofi au bosi katili. Msomaji atampa mhusika haki moja kwa moja na hakutakuwa na pambano. Mlete mtu mpole aliye sahihi. Kwa Tunu ni mteja anayetuma ujumbe: "Asante kwa kazi nzuri kama kawaida. Ukurasa wa nne una majibu ambayo sisi hatuyasikii kwenye rekodi. Unaweza kuangalia?"

Andika sasa dakika nzima ya Tunu mbele ya ujumbe huo, kwani ndiyo moyo wa hadithi. Asikasirike. Asikane mara moja. Ausome neno kwa neno. Aisikilize rekodi kwa makini kama mtaalamu, kwa sababu ni mtaalamu, na asikie ukweli: kikohozi, swali, mtu mwingine akijibu. Kwa sekunde chache awe amerudi kabisa. Chumba kiwe chumba. Halafu mwonyeshe kile ambacho kurudi kunamgharimu: akiufuta ukurasa wa nne, anayafuta maswali yote ambayo amewahi kuulizwa.

Mhusika asiyekuwa na nafasi ya kurudi hawezi kutuuma, kwa kuwa hachagui. Mpe nafasi hiyo, tena mpe mlango ulio wazi kweli. Kisha mwache aamue mbele ya macho yetu. Tunu anaweza kujibu, "Samahani, nilikosea faili. Natuma nyingine," akawapa nakala safi na kubaki na ile yake. Jibu hilo ni la adabu, ni la akili, na linatisha. Linaonyesha kwamba anajua vya kutosha kuficha.

Hatua ya 8: Mwili na mazingira

Hapa pita haraka. Chagua alama mbili za mwili, zitokane na kazi au maisha yake mahsusi, uzifuatilie. Kwa Tunu: alama za hedifoni zilizobaki kichwani hata akiwa amezivua, na sauti yake yenyewe iliyokauka kwa kutotumika. Vioo vinavyopasuka, saa za ukutani zilizosimama, vidonge vilivyomwagika sakafuni na mvua isiyokoma vimetumika mno. Havimwambii msomaji kitu kuhusu mtu huyu mmoja.

Hatua ya 9: Kufunga hadithi

Usiamshe mtu usingizini. Usifichue kwamba kumbe alikuwa amekufa. Usimpeleke hospitali katika sentensi ya mwisho ili kuonyesha kwamba mambo yamepata mwenyewe.

Badala yake jiulize: ni jambo gani msomaji atalijua mwishoni ambalo mhusika hatalijua, au amekataa kulijua? Andika tukio linaloliweka jambo hilo katikati yao wawili.

Nimewaza miisho mitatu kwa Tunu. Katika wa kwanza kazi inakwisha, faili mpya zinakuja na sauti nyingine, naye anasubiri kikohozi. Unafaa, ila mtu ataukisia tangu ukurasa wa pili. Katika wa pili anakutana na mhojaji ana kwa ana, na mwanamume huyo hamtambui. Huo unataka hadithi ndefu zaidi, na una hatari ya kuwa wa kikatili bila sababu. Katika wa tatu mteja yuleyule mpole anampigia simu, anamsifu, na kabla ya kuagana anamuuliza, "Na wewe, hujambo kweli?" Hatimaye ni swali halisi, kutoka kwa mtu halisi. Tunu ananyamaza akisubiri kikohozi kitangulie, kwa sababu maswali yake huanza hivyo. Hakiji. Basi hajibu.

Huo wa tatu ndio ningeuandika. Unarudi kwenye pengo la hatua ya kwanza na kulijaza, lakini mhusika amekwisha kuhama mahali ambapo jibu lingeweza kumfikia.

Hatua ya 10: Sahihisha rasimu

Iache rasimu siku kadhaa. Ukirudi, chukua kalamu ya rangi upige mstari chini ya kila kana kwamba, huenda, alidhani, alihisi na alionekana. Vinapaswa kuwa vingi mwanzoni na kupungua kadiri kurasa zinavyosonga. Vikiwa vimetapakaa sawasawa, mhusika wako hajahama, amezunguka pale pale. Rangi ya pili itie penye kila kitu halisi kinachoshikika. Hivyo visipungue. Kama hadithi ina maneno 2,500, mimi ningetaka yale 600 au 700 ya kwanza yasiwe na ufa wowote. Msomaji aijue kazi ya Tunu, kiti chake, ustadi wake, hata fahari yake.

Kisha mpe msomaji mmoja unayemwamini, usimwambie inahusu nini. Akimaliza, usimuulize kama ameipenda. Mwombe aweke kidole pale alipoanza kuwa na shaka, kisha pale alipoanza kutamani Tunu asiambiwe. Akionyesha shaka katika ukurasa wa kwanza, umemwaga ushahidi mapema. Toa ngazi mbili za mwanzo uzisogeze mbele. Asipoionyesha kabisa, upande wa kweli wa daftari lako haujapata njia ya kuingia, na tiba yake iko katika hatua ya sita. Akiionyesha shaka lakini hana pa kuonyesha ile huruma, tatizo si ufundi wa njozi. Rudi kwenye malipo ya kila ngazi, uangalie ni wapi ulimnyima mhusika kitu kizuri.